Kanjanja au mwenye mapengo? Tuyatenganishe haya mawili

Swali lilinikuta kwenye steshenari moja pale Mwenge, nikisubiri kopi zangu. Kijana wa kaunta mchana anatoa kopi na kulaminisha vyeti, usiku anaandika programu, na alishasikia kwamba hiyo ndiyo kazi yangu. Akageuza laptopu yake yenye ufa kwenye kioo, akanionyesha mfumo alioutengeneza mwenyewe wa kutunza hesabu za kikoba cha akina mama wa mtaani kwao Mabibo. Nani kaweka hisa ngapi, nani kakopa, nani anadaiwa faini ya kuchelewa. Akina mama wanautumia tangu mwaka jana. Halafu akashusha sauti.

"Dada, naomba nikuulize, ila usinicheke. Mimi ni divelopa kweli au najidanganya? Maana kila ninavyozidi kusoma ndivyo naona sijui kitu."

Nikamjibu, "Jiamini mdogo wangu, unaweza." Nikalipa, nikaondoka. Nilipopata siti kwenye daladala ndipo nikaona nilichokifanya: nimempa Panadol mtu ambaye sijamuuliza anaumwa wapi.

Maneno yake yalikuwa na maswali mawili yaliyofungwa kamba moja. Moja ni la anavyojisikia. Lingine ni la anachokijua na asichokijua. Saa nane usiku, programu ikiwa imegoma na bando linaelekea kuisha, maswali hayo yanafanana kama mapacha. Lakini dawa zake ni tofauti, na vijana wengi waliojifunza wenyewe kazi hii hapa mjini ninawaona wakimeza ya moja kwa ajili ya lingine. Mwenye hofu anaanza kozi ya sita kwenye YouTube. Mwenye pengo anaambiwa ajiamini.

Tuanze na neno rahisi. Pengo ni kitu usichokijua ambacho kazi yako inakitaka, basi. Ni kama pengo la jino: ulimi unalifikia, unajua ni jino lipi, unajua linakuzuia kutafuna nini (mua labda, lakini wali unakula). Ukiuliza litazibwaje, jibu lipo, iwe ni jioni mbili za kusoma au miezi mitatu.

La pili linahitaji maelezo zaidi. Kanjanja tunamjua: daktari kanjanja, mwandishi kanjanja, fundi kanjanja aliyekufungulia friji kisha akabaki na skrubu nne mkononi. Anafanya kazi asiyoijua, huku akijua kwamba haijui. Sasa yupo mtu mwingine ambaye kazi anaiweza, ushahidi upo mezani, ila moyoni ana hakika kwamba yeye ni kanjanja na siku moja atashikwa. Hali hiyo nitaiita hofu ya ukanjanja. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliiandikia mwaka 1978 kutokana na kazi yao na wanawake zaidi ya 150 waliofanikiwa katika masomo na taaluma zao. Wanawake hao walikuwa na shahada, walisifiwa na wenzao, na bado waliamini kwamba wamebahatisha au wamewazuga watu. Siku hizi wengi wanaitaja kama ugonjwa. Walioiandika hawakuiita hivyo, na haimo kwenye orodha ya magonjwa ya akili wanayoitumia madaktari. Ni hali inayompata mtu, inakuja na kuondoka.

Ukitaka kuzitofautisha, sikiliza sentensi yenyewe. Pengo lina kitu ndani yake: "Sijui jinsi ya kuzuia mteja asilipe mara mbili." Hofu haina kitu, ina mtu tu: "Mimi siyo wa hapa." Ulimi ukitafuta jino lenyewe haulipati, lakini mdomo mzima unauma.

Kwa nini aliyejifunza mwenyewe anapatwa zaidi? Sababu siyo akili. Mtu wa chuo alipewa mtaala. Kuna watu walikaa kikao wakaamua mwanafunzi aanze na hiki amalizie na kile, na siku moja akavalishwa joho akaambiwa umemaliza. Inawezekana nusu ya alivyosoma alivisahau kabla ya joho kurudishwa, lakini majina ya vitu anayakumbuka, na anajua uzio wa shamba unaishia wapi. Sisi wengine hatujawahi kuambiwa tumemaliza. Tulijifunza kitu kwa sababu mteja alikitaka Ijumaa.

Ndivyo wengi tulivyoijua hata Dar yenyewe. Mtu amefika mjini, amepanga Mbagala, akaijua njia ya Kariakoo. Akapata kibarua Mwenge, akaijua ya Mwenge. Ndugu akalazwa Muhimbili, akaijua ya Muhimbili. Baada ya miaka mitano hakuna mahali asipofika. Lakini mwambie kwamba kutoka Kariakoo hadi Muhimbili anaweza kutembea kwa miguu, atakubishia, maana kichwani mwake hivyo ni vituo viwili vya safari mbili zisizohusiana. Aliyeusoma mji kwenye ramani hawezi kukosea hapo, ingawa huyo huyo ukimpeleka kituoni saa kumi na moja jioni kugombea gari ataachwa na magari manne.

Mapengo yetu yako hivyo hivyo. Tunafika, ila hatujui njia zinakutana wapi.

Nieleze kwanza lile linalotisha kuliko yote, ambalo mara nyingi siyo pengo hata kidogo. Miaka kadhaa nyuma niliitwa usaili kwenye ofisi moja Mikocheni. Meza ndefu, watu watatu, kiyoyozi cha kugandisha vidole. Mmoja akasema, "Hebu tueleze normalaizesheni ya databesi." Databesi, yaani ghala ambalo programu inatunzia taarifa zake, niliijua; lile neno la kwanza sikuwa nimewahi kulisikia. Nikasema sijui. Akainama akaandika kwa muda mrefu kuliko neno "hajui" linavyohitaji. Kazi sikupata, na kwa wiki mbili sikufungua laptopu.

Nilipokuja kulisoma, nusura nicheke. Chukua daftari la mkopo la duka la mtaani. Muuza duka anaandika: Mama Zuhura, namba ya simu, mchele kilo mbili. Kesho yake: Mama Zuhura, namba ya simu, mafuta nusu lita. Baada ya miezi mitatu jina na namba ya Mama Zuhura vimerudiwa mara 40. Siku akibadilisha laini, muuza duka ana mistari 40 ya kusahihisha, na akiusahau mmoja, Mama Zuhura ana namba mbili na hakuna ajuaye iliyo sahihi. Mwenye akili anaweka ukurasa mmoja wa wateja na namba zao, na ukurasa mwingine wa deni wenye "mteja wa 7, mchele kilo mbili". Ndiyo normalaizesheni, angalau hatua zake za mwanzo: jambo moja liandikwe mahali pamoja. Edgar Codd, mtafiti wa IBM, ndiye aliyeweka msingi wa databesi za namna hii mwaka 1970. Mimi nilikuwa nafanya hivyo miaka miwili kabla ya ule usaili, kwa sababu nilishachoka kusahihisha namba za simu.

Kwa hiyo wale watatu hawakugundua kwamba sijui kazi. Waligundua kwamba sijui jina la kazi. Sisemi majina hayana maana. Bila jina huwezi kusoma wenzako walilitatua vipi tatizo lako, wala huwezi kubishana kikaoni. Lakini jina unalijifunza jioni moja. Usilie nalo wiki mbili kama nilivyolia mimi.

Mapengo ya kweli yana tabia nyingine: hayakutishi. Yako kimya, nawe unalala usingizi.

Duka moja la dawa linalofanya kazi usiku kucha lilinipa kazi ya mfumo wa mauzo. Nikauunda, ukapendwa, nikajipongeza kwa chipsi mayai. Wiki ya tatu mama mhasibu akanipigia. "Binti, programu yako inaiba." Hesabu ya keshia na ripoti ya siku zilikuwa zinapishana kila asubuhi, leo pungufu, kesho zaidi, lakini ukijumlisha mwezi mzima zinakaribiana. Nilikaa naye mezani siku nzima, yeye na kikokotozi chake chenye vitufe vikubwa, mimi na mistari yangu ya msimbo, yaani maandishi ya amri za programu (kwa mazungumzo tunasema kodi, ila nikiandika hivyo mwenye nyumba atadhani namkumbuka). Hakuna kosa la kujumlisha. Jioni ndipo akasema kitu ambacho mimi nisingekiona: "Mbona mauzo ya usiku wa manane yote yanaangukia jana?"

Seva, ile kompyuta ya mbali inayoendesha mfumo, ilikuwa inahesabu muda kwa saa ya dunia, ile UTC, na Dar iko saa tatu mbele yake. Kwa hiyo siku ya seva ilianza kwetu ikiwa saa tisa usiku. Dawa iliyouzwa saa saba usiku wa kuamkia Jumanne, seva iliiandika Jumatatu. Tiba yake ilinichukua dakika 20: muda utunzwe kwa UTC, lakini ripoti ikatwe kwa siku ya Dar es Salaam.

Kinachonikera mpaka leo ni kwamba hili nilikuwa na kila sababu ya kulijua. Mzungumzaji wa Kiswahili anatafsiri saa tangu utotoni. Mwalimu akisema kwa Kiingereza ni tisa, nyumbani ni saa tatu, na jua liko palepale. Bibi yangu wa Pwani alihesabu siku mpya kuanzia magharibi, kwa hiyo usiku wa Ijumaa kwake ulikuwa Alhamisi jioni kwa bosi wangu. Nilishajua kwamba saa na siku ni majina tu, inategemea unasimama wapi kuyataja. Niliijua Kariakoo, nikaijua Muhimbili, sikujua ni jirani.

Ningeuweka huu mfano peke yake, lakini kuna pengo moja ambalo haliishii kwenye aibu, linaishia kwenye hasara. Fikiria mama anamtuma mtoto dukani na kikaratasi: "Mpe sukari kilo moja." Mtoto njiani anaongeza kwa kalamu yake: "na soda mbili." Muuza duka anatoa vyote, kwa sababu kwake yote ni maandishi ya mama. Programu nyingi za wanaoanza ziko hivyo. Zinachukua alichokiandika mtu kwenye kisanduku cha jina na kukiunganisha moja kwa moja kwenye amri inayokwenda kwenye databesi. Mjanja anaandika kipande cha amri badala ya jina lake, na databesi inatii, inamwonyesha taarifa za wateja wote au inazifuta. Kinga yake inafahamika miaka mingi. Amri inaandikwa kwanza na kufungwa, kisha jina linapelekwa kando kama jina tu, mfano wa fomu iliyochapwa yenye kisanduku cha kujaza, ambapo ukiandika "na soda mbili" kwenye nafasi ya jina muuza duka anadhani unaitwa Soda Mbili. Video fupi ya saa moja ya "jenga tovuti yako leo" inaweza kukuvusha bila kuligusa hili, na tovuti ikafanya kazi vizuri kabisa mpaka siku ya mjanja.

Lipo jingine ambalo nalitaja kwa sababu sijaona likitenganishwa. Wengi wetu tulisoma msingi kwa Kiswahili, sekondari tukarushwa kwenye Kiingereza, na maandiko ya kazi hii karibu yote ni ya Kiingereza. Mtu anasoma ukurasa mmoja mara tatu, haelewi, anahitimisha kwamba kichwa chake ni kizito. Mimi mara ya kwanza nilikutana na neno "string", ambalo shuleni lilikuwa uzi wa kufungia, nikakaa nikitafuta uzi unaingiaje kwenye kompyuta, kumbe wanamaanisha mfuatano wa herufi. Hilo ni pengo la lugha. Linazibika, na linazibika haraka zaidi ukimweleza mwenzako kwa Kiswahili ulichokisoma, hata kwa maneno ya kuungaunga. Ukishindwa kukieleza kwa Kiswahili, hapo ndipo ujue tatizo siyo Kiingereza tena.

Sasa kuna mchoro unaozunguka sana kwenye simu za watu. Unaonyesha mlima wa kujiamini kwa mjinga, kisha bonde la kukata tamaa, kisha mteremko wa kupanda taratibu kuelekea ubingwa. Watu wanautumia kufarijiana: "Ukijiona hujui, ujue umeshajua." Mchoro huo unahusishwa na Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell, kwa utafiti wao wa mwaka 1999. Mlima ule haumo kwenye utafiti wao. Waliwapima watu kwenye mantiki, sarufi na kutambua vichekesho, wakaona walioshika mkia walijikadiria juu ya wastani, na waliofanya vizuri zaidi walijishusha kidogo ukilinganisha na walipokuwa kweli. Hata hivyo walioshika mkia hawakujiweka juu ya mabingwa. Na hakuna mahali waliposema shaka ni ushahidi wa ujuzi. Unaweza kujiona hujui kwa sababu ni mnyenyekevu, au kwa sababu kweli hujui. Hisia siyo mizani, haikupimi kwa upande wowote.

Kuhusu hizi zana za akili mnemba, nitasema kwa ufupi. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022, mtu anaweza kuagiza msimbo na ukaja umekamilika. Kazi inakwisha, pengo linabaki palepale, tofauti ni kwamba sasa limepakwa rangi. Mimi nina kipimo kimoja: mama wa kikoba akikuuliza kwa nini salio lake ni hili, unaweza kumjibu bila kufungua simu? Kama ndiyo, tumia zana unayoitaka.

Nilirudi ile steshenari baada ya siku tatu, nikiwa na kaunta buku ya kwaya mbili. Ninayo kama hiyo nyumbani, imejaa sentensi zinazoanza na "Sijui". Nikamwambia aandike anachokosa. Akaandika haraka, kama mtu aliyeshalikariri: "Sijui algorithimu," yaani zile hatua za kutatua tatizo moja baada ya nyingine.

"Hilo siyo pengo," nikamwambia, "hiyo ni hofu imevaa shati la pengo. Mfumo wako unashindwa kufanya nini?"

Akafikiri. Mteja akaja, kopi mbili, mbele na nyuma, akaondoka. Akaandika: "Sijui kwa nini ripoti ya mwaka inachukua sekunde 16 kufunguka."

Sasa hapo tuna kazi. Kikoba kina wanachama 30, wanachangia kila wiki, kwa hiyo mwaka mzima ni michango 1,560. Tukaangalia msimbo wake. Kwa kila mchango, programu ilikuwa inakwenda upya kwenye databesi kuuliza jina la mwanachama. Kila safari ilichukua sehemu moja ya mia ya sekunde, muda ambao hakuna binadamu anayeuona. Zidisha kwa 1,560. Ni sawa na mama ntilie wa Mbagala anayepanda gari hadi Kariakoo kununua vitunguu, anarudi, anapanda tena kununua nyanya, anarudi, anapanda kununua chumvi. Gari haliendi polepole. Safari ndizo nyingi. Anachotakiwa ni kwenda mara moja na orodha, na databesi inakubali orodha: ombi moja linaloleta michango yote pamoja na majina yake.

Alibadilisha mistari sita, akasahau mabano, akarekebisha. Ripoti ikafunguka kabla mashine ya kopi haijatema karatasi ya pili ya mteja aliyekuwa amesimama. Akaifunga, akaifungua tena. Mara nne.

"Faini ya kuchelewa," nikamwuliza nikichukua mkoba wangu, "mfumo unaanza kuihesabu saa ngapi?"

"Saa sita usiku ya Jumapili, dada."

"Saa sita ya wapi?"

Akanitazama, akatazama laptopu, akavuta kaunta buku na kuanza mstari wa tatu.